Friji Aliyesema Anakufa

Katika karakana ya Fundi, friji halikuwa kitu. Friji alikuwa mtu.

Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Mkewe ndiye aliyeanza, miaka ile alipokuwa akileta chakula cha mchana. Akifika tu, analipiga kofi la ubavuni friji lililoletwa asubuhi na kuuliza, na huyu naye anaumwa nini? Fundi akawa anamjibu vivyo hivyo. Huyu anapumua kwa shida. Yule anaharisha maji tangu juzi. Yule wa kona amekwisha kufa, tunasubiri ndugu zake waje wamchukue. Utani ukazoeleka mpaka ukawa lugha ya kazi. Ndani ya zile kuta za mabati hukumsikia mtu akisema friji limeharibika. Alisema mgonjwa amezidiwa, na mwenzake akaelewa kwamba alete mtungi wa gesi.

Binti yao wa pekee alikulia katika lugha hiyo. Walimwita Rilei, kwa jina la kile kidude kidogo kama kibiriti kinachokaa ubavuni mwa kompresa, ile pampu ya friji, ambacho kikigoma friji zima linageuka kabati la nguo. Alipewa jina hilo kwa sababu asubuhi hakuna aliyesogea nyumbani mpaka yeye aanze kelele. Alipofikisha miaka kumi na miwili alijua kusikiliza. Kwa mafundi wa friji kusikiliza ni kazi yenye chombo chake: unachukua bisibisi ndefu, unaweka ncha juu ya kompresa, unaegemeza mpini kwenye kifupa cha sikio, unafumba macho. Chuma kinakuletea kila kitu kilichomo tumboni mwa mashine. Fundi alikuwa hodari wa kusikiliza. Rilei alikuwa hodari kumpita, na baba mtu alilisema hilo mbele ya wateja bila haya, kwa kuwa kila mtu alijua nani kamfundisha.

Kisha mama akafariki. Mapafu. Alilazwa siku tatu tu. Siku ya tatu Fundi alitoka kutafuta dawa iliyokosekana hospitalini, na aliporudi akamkuta Rilei, miaka kumi na sita, amekaa kando ya kitanda peke yake, na shuka limeshavutwa hadi juu.

Walizika. Baada ya siku nne Fundi alikusanya nguo za marehemu, vikombe vyake, kandambili zake, akavitia katika magunia mawili na kumpelekea dada yake, yaani shangazi yake Rilei. Akamwambia binti kwamba yaliyopita yamepita, wagonjwa wamejaa karakana, tusonge mbele. Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu anayeziba bomba linalovuja: ziba kwanza, mengine baadaye. Hayo ya baadaye hayakufika. Toka siku hiyo mama hakutajwa tena katika nyumba ile, si kwa jina, si kwa mfano, si kwa bahati mbaya.

Rilei alizima polepole. Alama za shule zikashuka, kelele za asubuhi zikakoma. Shuleni kulikuwa na mwalimu wa malezi, mama mmoja mwema, aliyekuwa ametoka semina ya siku tatu akarudi na cheti na macho mapya. Tangu semina ile kila mtoto aliyeinamisha kichwa alikuwa dalili. Akamweka Rilei kwenye daftari lake, akawa anamwangalia.

Miezi minne baada ya mazishi, simu ikaita karakana. Mwalimu wa malezi alimtaka Fundi aketi kwanza. Kisha akamwambia kwamba binti yake amekutwa storini, nyuma ya masanduku, amechuchumaa sakafuni akilia, macho amefumba, ameshika chuma kirefu chenye ncha amekielekeza kichwani. Alipoulizwa alikuwa akisema anakufa.

Fundi hakusikia kilichofuata. Alifunga karakana na mgonjwa mmoja akiwa ameachwa tumbo wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Hospitali walikwenda watatu, baba, binti na shangazi. Daktari wa akili alikuwa kijana mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi wiki nzima, na nje ya mlango wake foleni ilizunguka kona. Shangazi ndiye aliyezungumza zaidi. Fundi alikaa akitazama mikono yake, kichwani hakuna kitu ila kile chuma chenye ncha. Rilei aliulizwa maswali, akajibu mawili matatu, daktari akaandika. Akaulizwa zaidi, akajibu kwa ufupi zaidi. Mwisho hakujibu kabisa, na hilo nalo likaandikwa. Hawakumaliza dakika kumi. Walitoka na jina la ugonjwa, refu, la kigeni, ambalo Fundi alilisoma mara tatu na mara zote ulimi ukamteguka. Na vidonge: kimoja asubuhi, viwili jioni.

Usiku ule Fundi aliondoa visu vyote jikoni. Akaondoa uma, mkasi, hata sindano ya kushonea. Kwa wiki kadhaa walikula nyanya zilizopasuliwa kwa kijiko. Bisibisi, ambazo karakana ilikuwa nazo zaidi ya arobaini, hazikumjia akilini hata mara moja. Kwake bisibisi haikuwa chuma chenye ncha. Bisibisi ilikuwa bisibisi.

Vidonge vilifanya kazi, kama kazi yenyewe ilikuwa kumnyamazisha mtu. Rilei hakulia tena. Hakucheka, hakubishana, hakuuliza. Alilala mpaka jua kali, akaamka na mdomo mkavu, akaja karakana kukaa kwenye benchi kama mzigo ambao mwenyewe kausahau. Mikono ikaanza kumtetemeka. Siku moja Fundi alimwomba amsikilize mgonjwa mmoja aliyemshinda. Rilei akaweka bisibisi, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaiweka chini taratibu.

"Baba, simsikii."

Fundi alimwambia si kitu, labda mwenyewe ni mkimya. Akaenda nyuma ya karakana akajifanya anatafuta waya.

Barua ya chuo ndiyo iliyomwamsha. Kabla ya mambo haya yote kuharibika, Rilei alifanya usaili wa chuo cha ufundi, kozi ya majokofu na viyoyozi, akawa wa kwanza kati ya mia na kitu. Sasa chuo kiliandika kwamba kimepata taarifa ya afya kutoka shuleni, kwamba mwenye ugonjwa wa aina hiyo hawezi kuruhusiwa kushika umeme, gesi na moto, na kwamba nafasi yake itapewa mwingine isipokuwa daktari anayemtibu athibitishe kwa maandishi kuwa anafaa. Mwisho ni Ijumaa ya wiki inayofuata, saa sita mchana.

Shangazi alikuja akaisoma barua, akasema afadhali. Mtoto apumzike, atafutiwe kazi ya kukaa, ya kufuma au kuuza vocha. Fundi akasema hajaridhika na yule daktari. Shangazi akamkazia macho.

"Mwenzio kasoma miaka saba. Wewe umesoma nini?"

"Mafriji," Fundi akasema.

Alitaka kuwa mkali, lakini jibu lilimwingia mwenyewe. Jioni nzima alilitafuna. Kila wiki huja mteja akiapa kwamba kompresa imekufa, na Fundi hamwamini kamwe. Anaangalia plagi kwanza. Anaangalia soketi, waya, mlango kama unafunga, kama kuna panya. Nusu ya wafu hufufuka papo hapo. Fundi wa hovyo ndiye anayebadilisha kompresa kabla ya kuangalia plagi, na mji una mafundi wa hovyo wengi, na kila mmoja ana uhakika. Sasa, plagi ya Rilei aliiangalia nani? Mwalimu aliona chuma. Daktari alimwona mwalimu. Na yeye mwenyewe, baba mzima, alimwona daktari. Hakuna hata mmoja aliyepiga magoti akaangalia ukutani.

Jumatatu alikwenda kwenye dirisha la mafaili. Karani akasema faili ni mali ya hospitali. Fundi akasema mtoto ni mali yake, na kwamba hana haraka, akavuta kiti akaketi mbele ya dirisha kiasi kwamba kila aliyekuja ilibidi azunguke magoti yake. Ilipofika saa tano karani alichoka naye. Akampa faili asome pale pale, asiondoke nalo, asilikunje.

Fundi aliacha shule darasa la sita, na maandishi ya daktari yalikuwa kama kuku kapita. Alikwenda neno kwa neno, kidole kikifuata mstari.

*Alikutwa storini nyuma ya friji.* Mwalimu hakumwambia habari ya friji. Alimwambia masanduku. *Ameweka bisibisi sikioni.*

Kidole kikasimama.

*Anasikia sauti. Alipoulizwa anafanya nini alisema: namsikiliza. Alipoulizwa huyo anasemaje alisema: anasema anakufa. Anadai sauti hutoka kwenye mashine. Anadai mashine hupumua, huchoka, huharisha.* Na chini, chini kabisa, chini ya historia ya familia: *Anasema baba naye huzisikia.*

Fundi aliusoma mstari huo wa mwisho mara mbili. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha tumboni, kicheko ambacho hakikuwa kimetumika tangu mazishi na kilitoka na kutu yake. Watu kwenye benchi wakasogea. Mlinzi akaja akamuuliza kwa upole kama yeye ni mgonjwa wa kliniki hii. Fundi akajibu bado, lakini ameshaandikwa.

Silabi moja. Angesema *linasema linakufa*, mwalimu angeita fundi. Alisema *anasema anakufa*, mwalimu akaita daktari. Hivyo ndivyo walivyomfundisha mtoto kuongea tangu anatambaa, yeye na mama yake, na hawakumwambia kwamba nje ya kuta za mabati lugha hiyo haipandi.

Alirudi karakana mbio. Rilei alikuwa kwenye benchi lake. Fundi akachuchumaa mbele yake, akamuuliza kama siku ile kule storini alikuwa anamsikiliza friji. Rilei akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

Alisema, tena zaidi ya mara moja. Alieleza taratibu, kwa ulimi uliokuwa mzito wa dawa, kwamba alisema ni mashine, wakaandika mashine. Akasema baba ndiye aliyemfundisha, wakamwandika na baba. Kila alipoeleza, karatasi ilizidi kujaa. Akaona bora anyamaze kabla hawajamwandika na shangazi.

Jumatano walirudi kwa daktari. Fundi alibeba bisibisi ndani ya mfuko wa shati, na mlinzi aliyekuwa anamkumbuka akamwacha apite kwa sababu alidhani ni kalamu.

Daktari alisikiliza kwa adabu. Alipomaliza kusikiliza akasema, bila ukali, kwamba wazazi wengi huja hivi. Ni vigumu kuukubali ugonjwa wa mtoto. Maelezo yapo siku zote. Siku ile alikuwa na wagonjwa sitini na wawili, lakini alifuata utaratibu, na dalili zilikuwepo.

"Daktari," Fundi akasema, "mimi nikiletewa mafriji sitini na mawili, siyabadilishii yote kompresa ili nimalize foleni."

Pale pembeni, chini ya dirisha, palikuwa na friji dogo la kuwekea dawa za sindano. Fundi aliomba ruhusa kwa mkono, hakuingoja, akalisogeza kutoka ukutani. Akatoa bisibisi. Daktari aliinuka nusu, mkono ukielekea kwenye kengele. Fundi akaigeuza bisibisi, akampa upande wa mpini, kama mtu anavyompa mwenzake kisu cha mezani.

Alimwelekeza aiweke wapi, aegemeze wapi, afumbe macho. Labda ni uchovu, labda ni udadisi, lakini daktari alipiga magoti na suruali yake iliyopigwa pasi, akaweka mpini sikioni. Uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kama wa mtoto aliyewekewa saa sikioni mara ya kwanza.

"Unasikia nini?" Fundi akauliza.

"Kuna kitu kinagonga. Halafu kama kinavuta pumzi. Kinagonga tena."

"Anavuta vizuri au kwa shida?"

"Kwa shida," daktari akasema, macho bado amefumba. "Amechoka huyu."

"Amechoka nani?"

Daktari akafumbua macho.

"Basi sogeza faili lako hapa, mwanangu," Fundi akasema, "tukuandike."

Kisha mabega ya daktari yakaanza kucheza, akacheka akiwa bado sakafuni, kile kipimo chake cha kusikilizia moyo kikiruka ruka kifuani. Na Rilei, ambaye kwa miezi miwili hakuwa amesema neno bila kuulizwa, akainua kidole akakionyesha.

"Na wewe unayo yako. Umeivaa shingoni."

Fundi aliwahi kuwasha mashine nyingi zilizotangazwa kufa. Hakuna iliyowahi kumtia baridi mgongoni kama sentensi ile.

Daktari aliinuka, akajipangusa magoti. Alifungua mlango, akamwambia nesi foleni isubiri, akarudi akaketi, si nyuma ya meza bali kwenye kiti cha wagonjwa, akitazamana na Rilei. Hakushika kalamu. Akasema jambo moja limebaki, na ni lile ambalo angepaswa kuanza nalo. Friji limeeleweka. Lakini kulia?

"Fundi hamlilii mgonjwa wake," akasema. "Wewe ulikuwa unalia. Mbona?"

Rilei alitazama mikono yake inayotetemeka. Alikaa kimya muda mrefu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeandika ule ukimya.

"Alikuwa anapumua kama mama," akasema. "Siku ile ya hospitali. Anavuta, anakwama, anavuta. Nilikuwa peke yangu naye. Nilihesabu kati ya pumzi na pumzi, kama baba alivyonifundisha, nikajua anakufa. Sikuwa na kifaa cha kumtengenezea."

Daktari akamuuliza, kwa sauti ya chini, amemwambia nani habari hii.

"Hakuna. Baba hataki atajwe."

Fundi alikuwa amejiandaa kupigana na hospitali nzima. Alikuwa na maneno makali ya kutosha wiki. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Alitafuta pa kuweka macho, akakosa, akayaweka kwa binti yake. Akasema kwamba ni kweli. Aliogopa. Alidhani akifunga mdomo maji yatakatika, kumbe amemfungia mtoto ndani na maji yenyewe. Akasema, na sauti ilimvunjika katikati akaiacha ivunjike, kwamba mama yake ndiye aliyeanza kuwaita wagonjwa, si yeye, na kwamba alikuwa anawapiga kofi ubavuni kwanza kabla ya kumsalimia mumewe.

"Alikuwa anawapiga kweli," Rilei akasema, na akaanza kulia. Akalia kwa kelele, kamasi, mabega, kila kitu. Fundi akamtazama daktari kwa hofu ya mazoea. Daktari akatikisa kichwa.

"Mwache," akasema. "Huku ndiko kulia. Hapa hakuna ugonjwa, mzee. Hapa pana msiba uliokosa matanga."

Mengine aliyaeleza wazi, na Fundi aliyapokea kwa sababu yalielezwa wazi. Wapo vijana wanaoumwa kweli ugonjwa ule, na vidonge vile huwainua; amewaona kwa macho yake. Huyu si mmoja wao. Hata hivyo dawa haikatwi kama kamba, itapunguzwa kidogo kidogo kwa wiki sita, na kila wiki Rilei atakuja kuzungumza, si kuhojiwa. Baba naye aje, maana faili la familia linasema naye husikia sauti. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Fundi kumwona daktari akitania.

Kisha akalifungua faili. Alisema kilichoandikwa hakifutwi, ndiyo sheria. Lakini chini yake panaandikika. Akaandika taratibu, kwa herufi za kusomeka, akamgeuzia Fundi asome mwenyewe.

*Jina la ugonjwa lililo hapo juu halikuwa sahihi. Nilikosea mimi. Binti huyu ni fundi wa friji, na amefiwa na mama yake. Anafaa kwa masomo na kwa kazi.* Sahihi. Muhuri. Nakala kwa chuo, nakala kwa shule.

Fundi aliwahi kusikia watu wakisema hospitali ilikosea. Hakuwahi kuona hospitali ikiliandika hilo kwa mkono wake. Alitaka kumwambia daktari neno la heshima. Badala yake akamwambia lile friji la sindano lina wiki mbili za kuishi, na kwamba kesho atakuja kulitibu.

Waliondoka kwa miguu, na njia nzima walizungumza habari za mama. Alivyokuwa akiimba vibaya. Alivyomfukuza mteja mlevi kwa ufagio, kisha akamfuata kumrudishia kofia. Walipita kwa shangazi, Fundi akasema amekuja kuchukua magunia. Shangazi akauliza kama sasa daktari ndiye mwendawazimu. Fundi akamwambia hapana, ila amekubali kuwa fundi. Shangazi aliguna, akaingia ndani, akatoka na magunia mawili ambayo hakuwahi kuyafungua. Nguo zilikuwa zimekunjwa vile vile. Alimvuta Rilei kifuani akamshikilia kwa nguvu, akanung'unika kwamba hakuna aliyemweleza mambo ya bisibisi, angejua nini, yeye ni fundi?

Ijumaa saa nne walikuwa chuoni. Mkuu wa chuo alizisoma barua zote mbili, ile ya shule na hii ya daktari, akazipanga moja juu ya nyingine. Akasema hajawahi kupata barua kama hii ya pili. Kisha akaangalia mikono ya Rilei juu ya meza, akasema inatetemeka. Fundi alifungua mdomo. Rilei alimtangulia.

"Ni dawa. Zinapungua, wiki sita. Wiki sita za kwanza chuo kinafundisha nadharia, nimesoma kwenye ratiba. Moto tunaanza kushika ya saba."

Mkuu wa chuo alivuta ratiba yake mwenyewe, akahakikisha. Wiki ya saba. Akacheka puani, akasema nafasi ya kwanza kwenye orodha haikuwa imepewa mtu mwingine, na kwamba kwa maoni yake haikupaswa hata kutiliwa shaka. Alisimama kumpa mkono, akaushika mkono ule unaotetemeka kama mkono mwingine wowote.

Kilichobaki kilikuwa usajili. Karani akamsukumia Rilei fomu na kalamu. Akajaza jina, tarehe, shule aliyotoka. Herufi zilitikisika lakini zilisomeka. Fundi alisimama nyuma yake akisoma kwa mwendo wake wa darasa la sita, na walipofika pale palipoandikwa *Ugonjwa wa kudumu, eleza*, akasogea karibu. Alitaka kumwambia apaache wazi. Akauma ulimi.

Rilei hakupaacha wazi. Akaandika: *Sina. Nilifiwa na mama.*

Karani aliisoma kichwa chini, akasema nafasi ile ni ya magonjwa tu, mambo ya nyumbani hayahusiki. Akate mstari.

"Najua ni ya magonjwa," Rilei akasema. "Ndiyo maana nimeandika hapo. Kuna watu walishachanganya."

Hakukata. Akaisukuma fomu mbele, akakaa wima, na akasubiri. Karani alimtazama yeye, akamtazama baba mtu, ambaye uso wake ulikuwa unapigana na tabasamu na kushindwa vibaya. Kisha akavuta muhuri, akaugonga mpaka meza ikatikisika, akasema masomo ni Jumatatu, saa moja kamili asubuhi, na wanaochelewa hufungiwa nje.

Rilei alisema atafika saa kumi na mbili na nusu.